Vidonge Vilivyonizuia Kusema Hapana

Mama Eliza, Bi Zaina, na ninyi wengine: kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake Ubelgiji kukoje, na kila mmoja nimempa kipande tu. Sasa nasikia mmeviunganisha vipande vile mkapata safari ambayo mimi sikuwahi kuisafiri. Juzi nimeambiwa hapa Korogwe kwamba huko Brussels nilipelekwa kwa mganga nikachanjwa chale. Basi kaeni niwaeleze mwenyewe, tena kwa utaratibu.

Mnajua nilikwenda kwa nini. Neema, binti wa kaka yangu Elieza, anasoma huko, na alikuwa ameandika barua kwamba amepata mchumba. Mchumba mwenyewe Mkongo wa Bukavu, familia yake ilikimbia vita ikaangukia Ubelgiji. Kaka alisoma barua ile mara mbili, akaikunja, akasema, "Wewe ndiye shangazi. Nenda ukawaone, halafu uwaambie hapana, kwa adabu." Kaka yangu ni mtu wa haki, huwa anasikiliza upande wa pili baada ya kukata shauri. Habari za pasi na viza naziruka. Aliyewahi kuzitafuta anajua, na ambaye hajawahi aendelee kufurahia maisha yake.

Korogwe hadi Zaventem

Safari iliharibiwa na karanga. Ndani ya ndege walitugawia kipakiti kidogo, karanga kumi na moja nilizihesabu, na ya tano ikapasua gego langu la kushoto ambalo lilikuwa limeoza kwa heshima na utulivu tangu mwaka uliotangulia. Nairobi tulikaa saa saba kusubiri ndege nyingine. Tuliambiwa ni sababu za kiufundi. Kila baada ya saa moja dada mmoja mwenye sare alikuja kutuambia sababu ni zile zile, kana kwamba tulikuwa na wasiwasi huenda zimebadilika.

Pale uwanjani bibi mmoja wa Kihindi aliniona nimeshika shavu. Alifungua mkoba wake, akanipa karafuu mbili, akanionyesha kwa kidole mahali pa kuziweka. Huyo ndiye tabibu pekee wa safari nzima ambaye dawa yake haikunidai chochote baadaye.

Nilipofika Zaventem, uwanja wa ndege wa Brussels, shavu lilikuwa limevimba hadi jicho likafinywa. Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka ule wa mvua za El Nino. Kwetu mafuriko, kwao baridi ya kukausha ulimi. Neema aliponiona alilia. Nilidhani ni mapenzi, kumbe ni shavu.

Zaventem hadi Koekelberg

Chumba cha Neema kilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo la mama mkwe wako, Bi Zaina. Kwa hiyo iliamuliwa bila kuniuliza kwamba nilale kwa mama yake huyo mchumba. Fikirini: umetumwa kuikataa nyumba ya watu, halafu unakabidhiwa kitanda ndani yake, na chupa ya maji ya moto miguuni.

Walikaa Koekelberg, ghorofa ya tatu, karibu na kanisa moja kubwa sana lenye kuba la kijani, ambalo ukilitazama dirishani unajiona una dhambi. Mchumba mwenyewe, Pascal, ni kijana mrefu mpole anayetengeneza lifti. Lifti ya nyumbani kwao ilikuwa mbovu. Mama yake anaitwa Maman Vumilia, mjane, mwanamke mnene wa makamo, kazi yake kuwatunza wazee wa Kizungu katika nyumba ya wazee. Alinipokea mlangoni.

"Karibu, maman mwalimu. Bon, uingie, uikale. Ile mushavu yako iko namna gani?"

Jamani, nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja. Ngeli za nomino nimezichapa kwenye vichwa vya watoto wa wilaya nzima. Nikasikia "ile mushavu" na jino likauma upya. Nikamwambia, kwa upole kabisa, "Shavu hilo." Akanitazama, akacheka, akasema, "Njo vile, hiyo mushavu."

Kesho yake Pascal alinipeleka kwa daktari wa meno mtaa ule ule. Daktari alitoboa, akakamua, akataka kunipa penisilini. Nikamfahamisha kupitia Pascal kwamba penisilini huniwasha mwili mzima. Akasema haina shida, ipo dawa nyingine, kali zaidi. Akaniandikia vidonge vya rangi mbili, vikubwa kama kokwa la tende, mara nne kwa siku kwa siku kumi. Kama tumbo litasumbua kidogo, alisema, nisijali.

Kidogo. Nataka mlikumbuke neno hilo.

Kitandani hadi chooni

Hii ndiyo sehemu ndefu kuliko zote, ingawa kwa hatua ni kumi na nne.

Siku ya nne jino lilikuwa limepona kabisa, na tumbo likafunguka. Siku ya tano lilikuwa wazi. Nilikwenda mara sita, kisha mara tisa. Tumbo lilinikata chini ya kitovu kama mtu anayekamua nguo, na kilichotoka kilikuwa maji yenye utelezi na harufu ambayo sitaieleza, kwa kuwa najua Mama Eliza husoma akiwa anakula. Chakula kikakosa ladha. Kinywani nikaota utando mweupe, ulimi ukawa kama umepakwa chokaa.

Mtu mwenye akili angeacha dawa na kumuuliza daktari. Mimi ni mwalimu. Miaka yote nimewasimamisha watoto mstarini nikiwaambia: ukianza dozi, maliza dozi. Basi nikawa nakwenda chooni, narudi, nameza kidonge, nakwenda chooni. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mama wa bwana harusi mtarajiwa niliyetumwa kumkataa?

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya mimi kuonana na ukoo. Alikuja Tonton Déo, mdogo wa marehemu baba yake Pascal, mzee mwenye suti ya kahawia na sauti ya mahubiri. Maman Vumilia alikuwa amepika tangu asubuhi: ugali wa muhogo, samaki, na kisamvu cha mawese ambacho wao wanakiita sombe. Meza ilijaa. Neema alikuwa amesuka nywele upya. Wote wakaniangalia mimi.

Nikamega tonge dogo. Nikalitazama. Nikainuka.

Niliporudi, Tonton Déo alikuwa ameanza hotuba kuhusu ukoo wao, tangu babu aliyekuwa katekista. Akafika kwa mtoto wa tatu wa babu, nikainuka tena. Mara ya tatu niliinuka wakati anamtaja marehemu kaka yake, na hapo hata mimi niliona kwamba si vizuri. Mara ya nne sikusubiri ataje mtu.

Nilipotoka chooni safari hiyo nilisikia sauti yake kutoka koridoni.

"Alors, ni wazi. Hapendi chakula ya siye, hapendi maneno ya siye. Siye bantu ya kukimbia vita, hatutoshi kwa yeye. Aseme tu."

Neema akanifuata hapo hapo mlangoni, macho yamejaa. "Shangazi, kama baba amekutuma ukatae, kataa. Lakini usiwadharau mezani kwao."

Ningeweza kusema, "Mwanangu, naharisha." Ni maneno mawili. Nilisema, "Nimechoka na safari." Kisha nikaenda kulala, na Tonton Déo akavaa koti lake akaondoka kabla ya matunda.

Asubuhi ya Jumatatu niliamka na homa, na shuka limechafuka. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na nane, kiongozi wa kwaya. Nililikunja, nikalifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikausukuma chini ya kitanda nikitafuta mbinu. Nilipotoka kuoga nilikuta kitanda kimetandikwa shuka jingine, na mfuko haupo. Maman Vumilia alikuwa jikoni anakoroga chai. Akanipa kikombe, nikakipokea. Jumanne ikawa hivyo hivyo. Jumatano vile vile, ila siku hiyo aliingia chumbani, akafunga mlango, akaketi kitandani kwangu.

"Maman, ile madraps nilisha kuzifula. Usifiche tena. Unakwenda ku WC mara ngapi kwa siku moja?"

"Mara mbili tatu," nikasema.

"Dix? Douze? Kumi na mbili?"

Nikaanza kukunja pindo la shuka. Akauliza, "Na damu?"

"Leo kidogo."

Akachukua kile kichupa cha vidonge mezani, akakisoma kwa mbali kwa kukosa miwani. "Ile dawa ya meno njo inakuua pole pole. Kule kwa bazee nilisha kuona hii mambo mara mingi. Leo hauinywi tena."

"Nimebakiza vidonge vichache tu. Dozi lazima imalizwe."

"Dozi itakumaliza weye," akasema, akakitia kichupa mfukoni mwa aproni. Kisha akamwita mwanawe. "Pascal, umupike munganga wa Uccle telefone. Mwambie tunakuya."

Sasa sikilizeni hapo, maana hapo ndipo uvumi wenu ulipozaliwa. Nilisikia mganga, na nikasikia kupika. Nikiwa na homa, nimelala nyumba ya watu nisiowajua, nikaelewa kwamba kuna mganga mahali fulani na kuna kitu kitapikwa. Nikamwambia Neema kwa simu kwamba mimi ni Mlutheri, na kama wanataka kunifanyia mambo ya miti shamba na kuku, afadhali nife na dozi yangu. Neema naye, badala ya kuuliza, akamwandikia binamu yake Tanga. Asanteni sana, ukoo mzima.

Koekelberg hadi Porte de Namur

Tulitoka saa tatu asubuhi, mimi na Maman Vumilia, tukapanda metro. Metro ni treni inayopita chini ya ardhi, safi, yenye joto, na haina choo. Hilo la mwisho ndilo nililolitambua kwanza. Maman Vumilia alinikalisha karibu na mlango, akanishika mkono kama anavyowashika wazee wake, na kila tukifika kituo ananitazama usoni kuuliza bila kuuliza. Nilitikisa kichwa vituo vinane. Cha tisa nikashindwa.

Kilikuwa Porte de Namur, mahali wanapokutana Waafrika wa mji mzima. Tulipotokea juu, Maman Vumilia alisimama kidogo kusalimiana na mtu. Mimi sikuwa na nafasi ya kusalimiana. Niliona saluni yenye mlango wazi, nikaingia. Akina dada watatu walikuwa wanasuka.

"Samahanini," nikasema, "maliwato yapo wapi?"

Wakatazamana. Mmoja mwenye kitana mdomoni akakitoa. "Maliwato? Haiko hapa. Njo nani, dada ya ku-défriser nywele?"

"Msalani," nikasema.

"Musalani? Ile ya mutaa wa Ixelles?"

Bi Zaina, nimetumia maisha yangu kuwafundisha watu kwamba lile neno la herufi tano la haja kubwa ni la mitaani. Nililipiga kelele katika saluni ile kwa lugha ambayo ningemwadhibu mtoto wa darasa la pili. Wote watatu wakaelewa mara moja. Mmoja akanisukuma nyuma ya pazia, na nilipotoka walikuwa wameniwekea kiti na glasi ya maji, na Maman Vumilia amekwisha kuwaeleza. Hakuna aliyecheka. Yule mwenye kitana akanifunga kitambaa changu upya kichwani, akasema, "Pole, maman. Dawa ya bazungu iko na hasira."

Porte de Namur hadi Uccle

Tramu, yaani treni ya barabarani, ya kwenda Uccle inapita kwenye miti mingi na nyumba zilizojificha nyuma ya ua, mahali ambapo hata mbwa wanaonekana wamesoma. Nikajiandaa kwa mganga. Nilikuwa nimepanga zaburi mbili.

Mlango ulifunguliwa na bibi wa Kizungu wa miaka karibu sabini, kifaa cha kupimia mapigo ya moyo kikining'inia shingoni. Alikuwa daktari wa hospitali ya misheni huko Kivu miaka mingi, na sasa alipokea wagonjwa asubuhi mbili kwa wiki.

"Karibuni," akasema. "Huyu njo mugonjwa? Maskini, iko mweupe kama mimi."

Mganga ndiye huyo. Kwao munganga ni daktari, na kupika telefone ni kupiga simu. Nilipomweleza nilivyodhani, alicheka hadi akavua miwani.

Halafu hakucheka tena. Alinibonyeza tumbo, akavuta ngozi ya mkono wangu kuona kama inarudi, akasoma kichupa ambacho Maman Vumilia alimtolea mfukoni. Akanieleza kwamba dawa ile iliua vijidudu vya jino, na ikaua pia wale wazuri wa tumboni wanaotulinda. Waliobaki ni wabaya, na sasa wanafanya wanavyotaka. Akatuma kinyesi changu maabara. Akasema nisithubutu kunywa dawa ya kufunga tumbo, maana sumu itabaki ndani. Ninywe maji ya chumvi na sukari, na dawa nyingine ya kuwaua hao wabaya.

"Dawa nyingine?" nikauliza.

"Ndiyo. Hii itakuletea ladha ya chuma kwa kinywa. Na usiguse pombe, itakutapisha."

Nilimshukuru. Dawa ya jino imeleta ugonjwa wa tumbo, dawa ya tumbo inaleta msumari mdomoni. Nikaona wenzetu wamejipanga vizuri, kazi haiwezi kuwaishia.

Wakati wa kuagana alimwambia Maman Vumilia kwa Kifaransa maneno ambayo Neema alikuja kunitafsiria baadaye: wangechelewa siku mbili zaidi, angenipeleka hospitali, na kwa umri wangu asingeahidi kitu.

Tulirudi kwenye tramu. Tulikuwa peke yetu upande wa nyuma. Nikaona nikiendelea kunyamaza nitakuwa mwizi.

"Maman Vumilia," nikasema, "kaka yangu hakunituma kuwatazama. Alinituma niseme hapana."

Hakugeuka. "Nilijua zamani. Siku tano hukutoa hata nguo moja kwa valise. Muntu anakuya kusema ndiyo, anatundika nguo."

"Ulijua, na ukafua yale mashuka?"

Hapo ndipo aliponigeukia, na kwa mara ya kwanza nikaona amekasirika.

"Alors? Ulitaka nikuache kwa mavi juu ya mutoto yangu anataka kuoa?"

Miaka thelathini na moja ya kusahihisha watu, na sikupata kosa katika sentensi ile.

Koekelberg hadi Korogwe

Dawa ya pili ilikuwa kama alivyosema daktari. Wiki nzima kila kitu kilikuwa na ladha ya msumari: chai, uji, hata mate yangu mwenyewe, na mkojo ukageuka rangi ya chai ya rangi. Lakini siku ya tatu nilikwenda mara nne tu, na siku ya sita nilikula wali mweupe sahani nzima, nikaomba kuongezewa. Maman Vumilia alinitazama nikila kama mtu anayetazama kandanda.

Jumapili iliyofuata Tonton Déo aliitwa tena. Alikuja na suti ile ile, uso umefungwa. Kabla hajaketi nilisimama nikamwambia mbele ya wote kwamba siku ile sikuwa nakimbia ukoo wake, nilikuwa nakimbilia chooni, na nikaeleza kwa nini, kwa ukamilifu, mbele ya samaki. Neema alitamani ardhi ipasuke. Tonton Déo alisikiliza hadi mwisho, akakohoa.

"Bon," akasema. "Donc naweza kuanza tena kwa babu?"

Akaanza tena kwa babu. Dakika hamsini. Sikuinuka hata mara moja, na naomba lihesabiwe.

Kesho yake nilimpigia kaka simu ofisini kwake. Laini ilikuwa na mwangwi, kila neno lilinirudia.

"Umewaambia?" akauliza.

"Nimewaambia ndiyo."

Ndiyo yangu ikarudi na mwangwi. Kisha, "Mimi nilikutuma ukaseme nini?"

"Ulinituma nikawaone. Nimewaona, kaka. Nao wameniona, kuliko wewe ulivyoniona tangu tuzaliwe."

Akataka kujua maana yake. Nikamweleza habari ya mashuka. Sikuongeza chumvi na sikupunguza harufu. Akasema atafikiri, akakata simu.

Harusi ni mwezi wa nane. Kaka ameshapimwa suti kwa fundi pale sokoni, na anamwambia kila anayepita kwamba tangu barua ya kwanza yeye hakuwa na pingamizi lolote.